Mlango Uliopona

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye leseni tu. Mjini, kuanzia kituo cha teksi mpaka getini kwa zahanati, aliitwa Subiri, na jina hilo alilipata kwa sababu ya mlango mbovu.

Kabla ya teksi alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha sabuni. Alipeleka sabuni, akarudi na maboksi matupu, miaka ikayoyoma, kichwa kikaota mvi, kiwanda kikafungwa. Alitoka pale na kiinua mgongo chake na harufu ya sabuni ambayo mkewe, Mama Pacha, huapa kuwa haijamtoka mpaka leo. Mabinti zao pacha walikuwa wameshaolewa, kila mmoja na kwake, na nyumba ikabaki na watu wawili na redio. Subiri akanunua gari kuukuu, akalipiga rangi ya teksi, akaenda kujipanga kituoni na wenzake.

Gari lilikuwa zima kwa umri wake. Kasoro ilikuwa moja: mlango wa nyuma wa upande wa barabara, ule ulio nyuma ya kiti cha dereva. Kwa nje ulifunguka vizuri tu. Kwa ndani, ungevuta kishikio mpaka mkono ukuume, mlango usingekusikia.

Mtu mwingine angetafuta fundi, na Subiri wala hakuwa na haja ya kutafuta. Mdogo wake wa toka nitoke alikuwa fundi wa milango ya magari. Bodi hagusi, injini hataki hata kuisikia, yeye na vitasa na bawaba na vioo basi. Lakini abiria wa kwanza kukaa upande ule alikuwa bwana mmoja mnene mwenye tai, na alipoanza kupambana na kishikio, Subiri aliona haya. Akachomoka nje huku akisema, "Subiri bosi, subiri nikufungulie." Akatupa jicho nyuma, akaona barabara nyeupe, akafungua. Yule bwana akashuka taratibu, akijirekebisha tai.

"Mimi hata mke wangu hajawahi kunifungulia mlango," alisema, na kesho yake alifika kituoni akaziruka teksi zote za mbele akimtafuta Subiri.

Basi ubovu ukageuka adabu. Ili siri isijulikane, ilibidi awafungulie na wale wa upande wa pili, akilizunguka gari zima na magoti yake, akijikaza kisabuni. Wenzake kituoni walimcheka kwanza, wakamwita mpambe wa bibi harusi, kisha wakaacha kucheka walipoona akina mama wenye mizigo wako radhi kukaa juani wakimngoja yeye. Na kila alipofungua ule mlango wa barabarani, aliangalia nyuma kwanza. Hapo tusimvishe kilemba asichostahili. Hakuwa akiwaangalizia waendesha baiskeli. Alikuwa amesimama barabarani, na aliuonea huruma mgongo wake mwenyewe.

Abiria wake mkubwa alikuwa Sista, muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache na mkoba mzito. Kila Jumanne alikwenda zahanati kwa ajili ya nyonga yake. Nyonga moja ilikuwa imeharibika, kwa hiyo katika kushuka lazima mguu mzima utangulie, na mlango uliomfaa kwa mguu huo ulikuwa huo huo wa nyuma ya dereva. Alikaa pale mkoba magotini, macho mbele, akingoja kufunguliwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kugusa kishikio. Mambo ya barabara yalikuwa ya Subiri. Kazi ya Sista ilikuwa kutoa mguu.

Kilicholeta balaa ni huruma. Magoti ya Subiri yalikuwa yamechoka na kupanda na kushuka, jioni aliingia ndani akishikilia ukuta, na Mama Pacha alikuwa amechoka kumkanda kwa maji ya moto.

"Si uupeleke huo mlango kwa mdogo wako?" alimwambia.

"Ukipona nitakosa wateja."

"Wateja wanapenda kufika, baba. Hawapandi kwa ajili ya mlango."

Aliposhindwa kwa maneno akatumia ujanja. Siku Subiri alipopeleka gari kubadilishwa breki, kwenye gereji ile ile anayofanyia kazi mdogo wake, Mama Pacha alimpigia shemeji yake simu. "Shemeji, na ule mlango. Usimwambie, mshtukize."

Kumbe halikuwa jambo. Pembeni mwa mlango, chini kidogo ya kitasa, mlikuwa na kidude kidogo kama ukucha, cha kuzuia watoto wasifungue gari likiwa linatembea. Mwenye gari wa kwanza alikisukuma upande wa kufunga, kutu ikakigandisha hapo. Fundi alikinyunyizia mafuta, akakigongagonga, akakirudisha mahali pake, akamalizia na kupaka grisi kwenye bawaba ili kazi iwe kazi. Subiri alipokuja kuchukua gari, mdogo wake alimwingiza kiti cha nyuma, akamfungia, akamwambia kwa dirishani, "Haya kaka, toka."

Subiri akavuta kishikio, mlango ukafunguka. Akafunga, akafungua, akafunga tena, meno yote nje.

"Utauchosha," alisema mdogo wake, naye kwa furaha hakujua aweke wapi mikono yake yenye grisi.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Njia nzima Subiri aliibana siri kifuani. Alipoegesha mbele ya zahanati, badala ya kushuka aligeuka kitini akamtazama Sista.

"Leo sikufungulii."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mlango umepona. Vuta mwenyewe uone."

Sista akacheka, na hakuwa mwanamke wa kucheka ovyo. "Makubwa haya," alisema. Subiri alikuwa amemgeukia uso mzima, anataka kuona atakavyoshangaa. Kioo cha pembeni kilikuwa mahali pake, kikionyesha barabara yote, hakuna aliyekitazama. Sista akavuta, akausukuma kwa nguvu akidhani ni mzito, na mlango kwa grisi yake mpya ukaenda wote mpaka mwisho.

Mnoa visu alikuwa anapita hapo hapo.

Huyu mnoa visu watu wote walimjua kwa kengele yake. Baiskeli ndiyo iliyokuwa karakana yake: jiwe la kunolea limefungwa mbele ya usukani, mkanda unatoka nyuma, na akifika mlangoni kwa mtu huisimamisha kwa stendi, akapanda, akakanyaga pedeli, jiwe likazunguka na cheche zikaruka. Visu vya Mama Pacha alikuwa akivinoa yeye tangu mabinti hawajaolewa.

Ukingo wa mlango ulimpata kwenye goti. Subiri alisikia kishindo kimoja, kisha kengele ikalia yenyewe, kisha jiwe likaanza kubingirika barabarani na lori likapiga breki kulikwepa. Aliyaona yote kupitia ule mlango uliopona, uliokuwa wazi kabisa. Akajua kwamba hapa mtu anatakiwa apige kelele, akangoja kelele zije. Hazikuja. Ganzi ilimwanzia viganjani ikapanda mpaka masikioni, na akawa anaangalia tu.

Aliyetoka alikuwa Sista. Alitoka kwa mguu mbovu kwanza, nyonga ameisahau, akaketi juu ya lami na gauni lake la kutokea, akaushika mguu wa mnoa visu juu na chini. "Asiguswe na mtu!" alisema. "Nileteeni kanga, mbao, chochote kilichonyooka." Sauti yake ilikuwa ile ya wodini, na watu walikimbia kutii.

Waliobaki wakafungua mahakama yao pale pale, kama ilivyo desturi ya barabara zote. Mwenye duka la simu alisema kosa ni la mama, maana aliyefungua ni mama. Dereva wa lori, ambaye hakuulizwa, alisema kosa ni la dereva wa teksi, abiria ni mzigo na mzigo hauna kosa. Muuza magazeti alisema kosa ni la waliojenga barabara bila kuwaachia baiskeli hata upenyo wa paka. Mzee mmoja alisema zamani haya hayakuwepo, wakamuuliza kama zamani magari yalikuwepo, akarudi nyuma ya wenzake.

Askari wa barabarani alipofika aliwanyamazisha wote.

"Nani alifungua mlango?"

"Mimi," alisema Sista kutoka chini.

"Dereva ni nani?"

"Mimi," alisema Subiri.

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Nilikuwa namwangalia yeye."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Hapana, afande. Tulikuwa tunacheka."

Askari aliinua macho akamtazama muda mrefu, asijue kama anafanyiwa mzaha. Kisha akapima kwa hatua kutoka garini mpaka baiskeli ilipoanguka, akakunja uso. "Dereva ana lake, abiria ana lake," alisema. "Lakini na huyu wa baiskeli naye. Barabara pana yote hii, mbona alijibana na gari kiasi hiki? Mtu wa baiskeli wa miaka mingi hajui kuwa gari lililosimama hufunguliwa mlango?"

Watu wakaitikia, kweli bwana, mbona alijibana? Mnoa visu alikuwa amelala macho kafumba, meno kayauma, hakumjibu mtu. Na Subiri, Mungu amsamehe, aliling'ang'ania swali lile. Akaenda nalo nyumbani.

Mambo ya bima yalimalizwa na watu wa bima, na askari alimpa Subiri onyo kali, akamrudishia leseni. Kwa hiyo kwa upande wa serikali yalikwisha. Kwa upande wa Subiri yalikuwa hayajaanza hata kuanza. Alikwenda kazini, akaendesha, akarudi. Aliwafungulia watu milango kama zamani, lakini hakusema tena subiri. Alishuka kimya, akafungua kimya. Abiria waliomzoea walidhani wamemuudhi. Jioni moja Mama Pacha alisahau chumvi kwenye maharage, Subiri akala sahani nzima, akashukuru, akanawa. Mama Pacha alipoonja la kwake aliweka kijiko chini.

"Baba Pacha, hukuona kitu kwenye chakula?"

"Kina nini?"

Mama Pacha aliinuka. Aliingia jikoni, na kule jikoni alilia yeye, kwa niaba ya wote wawili, kwa sababu simu aliipiga yeye na alijua. Alikuwa akikata nyanya kwa kisu kilichokwisha makali, zinapondeka, zinamwagika maji, na hakuwa na moyo wa kumpelekea mnoaji mwingine.

Mdogo mtu alikuja siku ya mapumziko, akasimama mlangoni, hakutaka kiti.

"Kaka, niambie. Nilikosea kutengeneza?"

"Hukukosea."

"Watu gereji wananiambia mimi ndiye niliyefungua ule mlango. Nimewaambia kazi ya mlango ni kufunguka. Si ndiyo? Mlango usiofunguka ni ukuta!"

"Ndiyo."

"Basi nitukane hata kidogo. Ukininyamazia hivi naona kama nimeua."

Subiri alitafuta hasira, akaikosa. Alimwambia mdogo wake akae anywe chai. Mdogo mtu akaondoka bila kunywa, na nje aliupiga teke ule mlango, ukabonyea kidogo chini. Bonyeo lile lipo mpaka leo.

Hospitalini Subiri alikwenda mara ya kwanza akiwa na machungwa, akaishia mlangoni mwa wodi. Mke wa mnoa visu alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alimwona, akayaona na machungwa, akageuza uso. Sista alikuwepo pia, upande wa pili wa kitanda, amekunja mikono ya gauni, anajaribu kuukunja ule mguu polepole huku mwenye mguu akiuma shuka. Alikuwa akija kila siku kwa miguu, na nyonga ile. Teksi hakupanda tena, si ya Subiri wala ya mtu.

Sista alimfuata, wakakutana koridoni.

"Daktari anasemaje?" aliuliza Subiri.

"Mfupa utaunga. Goti halitakunjika." Sista alijua kusema habari mbaya, alikuwa ameisema maisha yake yote. "Atatembea. Baiskeli hapana."

"Na jiwe lake?"

"Jiwe linazungushwa kwa pedeli, Subiri. Unajua."

Wakasimama. Mfagiaji akapita katikati yao na ndoo.

"Nataka kukuambia kitu, usikasirike," alisema Sista. "Miaka yote ulinifungulia mlango. Ulinifungulia vizuri mpaka nikasahau kwamba nje ya mlango kuna watu. Nimewafundisha wauguzi wangapi kuangalia kabla hawajagusa? Na mimi nilisukuma tu. Silali." Kisha akaongeza, "Sikulaumu. Ningependa kukulaumu, ningepata nafuu."

Subiri alisema asante, neno ambalo halikuwa mahali pake, akayaacha machungwa juu ya benchi.

Ilimchukua siku nyingi kurudi. Katika siku hizo lile swali la askari lilimkaa kichwani. Mbona alijibana? Alilipeleka kituoni, wenzake wakampokea nalo kwa furaha. Kosa la baiskeli hilo, walisema, hao ndivyo walivyo, wanapenya popote, ondoa mawazo. Subiri alisikiliza. Alitamani waendelee kusema. Alijiambia kuwa akisikia kwa kinywa cha mnoa visu mwenyewe, kwamba alipitiwa, kwamba siku ile alikuwa na haraka au amelewa usingizi, basi kifua kitafunguka, atakula chakula akione kina chumvi au hakina. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani, na alikitaka vibaya.

Akaenda. Safari hii mke wa mnoa visu alimwachia kiti, akasimama yeye dirishani akiwapa mgongo. Mnoa visu alikuwa amekonda, ndevu zimemwota, mguu umenyooshwa juu ya mto.

"Mzee Subiri. Nilidhani umehama mji."

"Nipo."

"Visu vya mama vinaendeleaje?"

"Havikati kitu."

Mnoa visu alitabasamu upande mmoja. "Mpelekee yule wa sokoni. Mwambie asivikaze sana kwenye jiwe, ni visu vyembamba."

Subiri aliishika kofia yake kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, nina swali. Ukiona vibaya usinijibu."

"Uliza."

"Yule askari alisema mbona ulijibana na gari. Na mimi nauliza. Mbona ulipita karibu vile?"

Pale dirishani yule mke aligeuka kwa ghafla, lakini mumewe alimwinulia mkono.

"Aliniuliza na mimi, yule afande. Alikuja hapa kitandani. Sikumjibu, nilimwambia sikumbuki."

"Lakini unakumbuka."

"Nakumbuka, kwa nini nisikumbuke?" Alijivuta akakaa vizuri. "Mimi, mzee wangu, magari nayaogopa. Nikiona gari limesimama najua mlango unakuja. Nahamia katikati ya barabara. Nikihamia katikati wa nyuma wananipigia honi, wananitukania mama yangu, mama yangu marehemu. Nikirudi pembeni, milango. Ndiyo maisha ya baiskeli hayo, kila siku unachagua utukanwe au uvunjike. Nachagua kutukanwa. Nayapita magari yote kwa mbali." Akamtazama Subiri. "Isipokuwa lako."

Subiri aliizungusha kofia mikononi.

"Unakumbuka ulipompeleka huyu kujifungua?" Alimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mimi nilikaa nyuma yako. Tumefika, huyu analia, mtoto yuko njiani, mimi nauvuta mlango, nauvuta, kishikio kinataka kubaki mkononi. Na wewe unaniambia subiri. Siku ile nusura nikung'oe masikio. Basi nikajua siri yako. Sikumwambia mtu, ni biashara ya mtu. Lakini nikajua kwamba ule mlango haufunguki mpaka ushuke wewe mwenyewe, na wewe ukishuka unaangalia nyuma. Tangu hapo nikiona gari lako limeegeshwa, napita hapo hapo ubavuni, nalegeza mikono, napumua. Mji mzima huu, mzee wangu, mahali nilipokuwa siogopi ni kando ya mlango wako."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anavyoeleza njia ya kwenda nyumbani kwake.

"Sikujua kama umepona," alimalizia.

Mkewe alirudi akamfunika mguu kwa shuka, ingawa ulikuwa umefunikwa. Subiri alikaa mpaka kengele ya wageni ikalia. Jibu alilolifuata alikuwa amelipata, na kifua hakikufunguka. Alipofika garini aliufungua ule mlango wa nyuma kwa nje, akainama, akakitafuta kile kidude pembeni. Kilikuwa kinang'aa kwa mafuta. Akakisukuma kwa ukucha wa kidole gumba, kikalia tik, kikaenda. Akaingia nyuma, akajifungia, akavuta kishikio. Haukufunguka. Alibaki mle ndani muda mrefu, mpaka mlinzi wa hospitali akaja kumfungulia akidhani amekwama.

Siku mnoa visu aliporuhusiwa kutoka hospitali, Subiri ndiye aliyekwenda kumchukua. Hakuombwa, na hakuna aliyemkatalia. Mguu ulikuwa haukunjiki, kwa hiyo walimwingiza kwa upande wa pili, wakamvuta mpaka mgongo ukafika kwenye mlango wa barabarani na mguu ukalala juu ya kiti chote. Mkewe akakaa mbele. Mnoa visu, kabla hajaegemea, alipeleka mkono nyuma akakivuta kishikio. Akavuta tena, kwa nguvu.

"Umeuharibu?"

"Nimeuharibu."

"Afadhali," alisema, akauegemea kwa uzito wake wote, akafumba macho.

Subiri aliendesha polepole kuliko kawaida, na wa nyuma walimpigia honi, wakamtukania mama yake. Mke wa mnoa visu aliangalia mbele. Walipokaribia alisema kwamba fundi, yule mdogo wake Subiri, alikuja juzi na vyuma, akaiunga baiskeli kwenye ubao wa miguu minne, ili jiwe lizungushwe kwa mkono. "Watu watamletea visu nyumbani," alisema. "Wakikumbuka." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Subiri tangu ajali, na hayakuwa ya urafiki wala ya ugomvi.

Akaegesha mbele ya nyumba yao. Akashuka, na kwa mazoea, ingawa mlango ule hakuwa na haja ya kuufungua, aliangalia nyuma.

Mwanamke mmoja alikuwa anakuja na baiskeli, debe limefungwa nyuma, kanga imekazwa kiunoni. Aliiona teksi. Aliitambua, maana habari ilikuwa imeshaenea mji mzima: mlango wa Subiri siku hizi unafunguka. Alikata usukani akalikwepa gari kwa mbali, akaingia katikati ya barabara, na lori lililokuwa nyuma yake likafunga breki na kupiga honi ndefu mpaka debe likayumba.

"Pita hapa!" Subiri alimpigia kelele. Alikuwa ameinua mikono yote miwili. "Mama, pita karibu! Haufunguki! Umeharibika, haufunguki!"

Yule mwanamke hakugeuka. Alikanyaga pedeli kwa nguvu, akaenda zake katikati ya barabara huku lori likimfokea, na Subiri akaendelea kupiga kelele, haufunguki, haufunguki, mpaka sauti ikamkatika na akagundua kwamba uso wake umelowa na magoti yanamuuma, yote mawili, na kifua, na mahali pengine asipopajua jina.

Ndani ya gari mnoa visu aligonga kioo taratibu kwa kifundo cha kidole.

"Subiri," alisema mkewe kutoka upande wa pili, "njoo tumtoe. Mguu unamuuma."

Akajifuta uso kwa kofia, akalizunguka gari, akaenda kumfungulia.